Kufaulu Maabara Hakutoshi

Kila inapotangazwa kwamba bechi fulani ya dawa inaondolewa sokoni, hoja zile zile huibuka. Utazisikia kwenye vikao vya wenye viwanda, kwa wauzaji wa jumla, hata kwa wafamasia wenzangu. Wengi wanaozisema wana nia njema, nao walizisikia kwa wakubwa wao kabla hawajaanza kuzisema wenyewe. Lakini watu wamekufa kwa sababu ziliaminiwa, na miji walikofia inajulikana. Anayemeza kidonge hana namna ya kukikagua; kazi hiyo amemwachia mtu asiyemjua, ndani ya kiwanda ambacho hatakiona. Kwa ajili yake nazijibu hoja hizi, nikianza na iliyo kongwe kuliko zote.

"Maabara imeipima, imefaulu. Mnataka nini tena?"

Kupima dawa ni kuiharibu. Kidonge kilichosagwa na kuyeyushwa ili kipimwe hakimezwi tena, na chupa ya dripu iliyofunguliwa kutafutwa vijidudu haitundikwi wodini. Kwa hiyo maabara hupima chache na kuzisemea zilizobaki. Tuseme kiwanda kimetengeneza dripu, na katika kila chupa 100 imo moja yenye bakteria. Maabara inachukua chupa 20. Uwezekano wa zote 20 kukutwa safi ni takriban asilimia 82. Bechi ambayo ina chupa moja ya hatari katika kila mia itapita zaidi ya mara 4 katika kila vipimo 5, na cheti kitaandikwa bila mtu yeyote kusema uongo.

Hayo yaliwahi kutokea Uingereza. Mwaka 1972, wagonjwa katika hospitali ya Devonport mjini Plymouth walitundikiwa dripu za sukari zilizokuwa na bakteria, na vifo vya watano vikahusishwa nazo. Chupa zile zilikuwa zimepitishwa kwenye mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke. Hewa ilinaswa ndani ya mtambo, chupa za chini hazikupata joto la kutosha. Kifaa cha kurekodi joto kilionyesha wazi kwamba joto halikupanda inavyotakiwa. Waliokuwa kazini wakaamini kifaa ndicho kibovu, wakaendelea. Sampuli zilizokwenda maabara zilitoka sehemu ya juu ya mtambo, ambako joto lilifika. Zikafaulu.

Ukiuliza nini kingewaokoa wagonjwa wale, jibu haliko maabara. Liko kwenye mambo mawili ya kawaida ya sakafu ya kiwanda. La kwanza ni kuuthibitisha mtambo kabla haujaanza kutumika, kwa kuweka vipimajoto kila kona ya mzigo ili ijulikane ni wapi joto huchelewa kufika. La pili ni amri isiyo na mjadala kwamba vipimo viwili vikipingana, mzigo wote unawekwa kando mpaka sababu ijulikane. Wapo wanaosoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba wafanyakazi walikuwa wazembe, basi wafukuzwe. Sikubaliani nao. Mfanyakazi hupuuza kifaa pale alipozoeshwa kwamba vifaa huharibika na kazi huendelea. Ukimfukuza huyo na kuubakiza mtindo ule ule, atakayeajiriwa kesho atafanya vile vile.

Na hata ungeweza kupima kila kidonge, kipimo hujibu tu kile ulichokiuliza. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, wagonjwa wa moyo mjini Lahore, Pakistani, wengi wao maskini waliokuwa wakipewa dawa bure katika Taasisi ya Moyo ya Punjab, walianza kutokwa damu na ngozi zao kubadilika rangi. Zaidi ya 200 walikufa. Kidonge kilichowaua kiliitwa Isotab, dawa ya kawaida ya kupunguza maumivu ya kifua. Dawa ya moyo ilikuwamo ndani yake. Kilichozidi ni pirimethamini, iliyoingia wakati wa utengenezaji kwa kiasi kikubwa, na ikawa inamezwa kila siku. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua pirimethamini hata kama jina ni geni: ni moja ya dawa mbili zilizomo katika vidonge vya SP ambavyo wajawazito hupewa kliniki kujikinga na malaria. Dozi chache zilizopangwa huwakinga. Ikimezwa kila siku kwa wingi hukandamiza uboho wa mifupa, chembe za damu zinakwisha. Maabara ya mamlaka ya dawa ya Uingereza ndiyo iliyoitambua, kwa kuwa ilitafuta kitu ambacho kipimo cha kawaida cha kidonge kile hakikuwa na sababu ya kukitafuta. Kulikuwa na dawa iliyoweza kupunguza makali ya sumu ile, asidi ya foliniki, lakini huwezi kumpa mgonjwa kiua sumu kabla hujajua sumu yenyewe.

Mwaka 2018 dunia ilipata somo la aina hiyo hiyo kwa valsatani, dawa ya shinikizo la damu. Kiwanda kimoja cha China kilikuwa kimebadilisha njia ya kuitengeneza, na njia mpya ikazalisha NDMA, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani. Kwa miaka kadhaa dawa hiyo ilipita vipimo vyote vilivyoandikwa vitabuni, kwa sababu hakuna kitabu kilichouliza habari za NDMA. Swali lilipaswa kuulizwa siku njia ilipobadilishwa, mezani, na wanakemia wenye kalamu: tukibadilisha kiyeyushi hiki, kitazaliwa kitu gani ambacho hakikuwapo?

Hoja inayofuata huwa inasemwa kwa sauti ya chini kidogo, kwa kuwa msemaji anajua ni dhaifu: "Malighafi ina cheti cha muuzaji. Kuipima tena ni kupoteza pesa."

Hii ndiyo iliyoua watoto wengi kuliko zote, nami sina subira nayo. Dawa nyingi za maji za watoto huyeyushiwa ndani ya gliserini au propilini glaikoli. Ni vimiminika visivyo na rangi, vizito kidogo, vitamu. Dayethilini glaikoli nayo haina rangi, ni nzito kidogo, na ni tamu. Ni ya bei nafuu, na hutumika viwandani, kwa mfano katika maji ya breki. Fungua mapipa mawili yaliyokaa bega kwa bega stoo: jicho halitakuambia tofauti, wala pua, wala ulimi. Mtoto aliyeinywa huanza kwa kutapika, kisha mkojo unapungua hadi unakatika. Figo zimekufa.

Hili halikuanza jana. Mwaka 1937 kiwanda kimoja cha Tennessee, Marekani, kiliyeyusha dawa ya salfa ndani ya dayethilini glaikoli, kikaangalia ladha, harufu na mwonekano, kikasafirisha. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kumlazimisha mtengenezaji aonyeshe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Mapipa yaliyoandikwa gliserini yalitoka China, yakapitia Hispania, yakafika Panama, na mwaka 2006 ikajulikana kwamba yaliyomo yaliingia kwenye dawa ya kikohozi. Njia nzima cheti kilinakiliwa kutoka kwa mfanyabiashara mmoja hadi mwingine, na hakuna aliyefungua pipa akapima. Nigeria, 2008 hadi 2009: watoto 84 walikufa kwa dawa ya watoto wanaoota meno. Gambia, 2022: takriban watoto 70, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dawa nne za maji zilizotengenezwa India zilikutwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli kupita kiasi. Mwaka huo huo Indonesia ilizika zaidi ya watoto 200. Huko, mahakama ya Kediri mwaka 2023 ilimfunga miaka 2 mkurugenzi mkuu wa kiwanda pamoja na maofisa wake watatu. Kiwanda hakikupima malighafi, kiliamini cheti.

Kutoka 1937 hadi 2022 ni miaka 85. Kipimo cha kutofautisha vimiminika hivi kinajulikana, na maabara yoyote ya kiwanda inayostahili jina hilo inakimudu. Kwa hiyo anayesema kupima kila pipa ni gharama, namwomba aandike gharama hiyo kwa shilingi karatasini, aiweke mbele ya bodi ya kampuni, na pembeni aandike idadi ya chupa zinazotoka kwenye pipa moja.

"Usimamizi wa ubora ni makaratasi tu."

Hapa nitakubali nusu. Kuna makaratasi ya bure viwandani. Kuna miongozo ya kazi yenye kurasa 40 inayoeleza jambo la kurasa 3, iliyonakiliwa kutoka kampuni nyingine, ambayo mfanyakazi wa mashine hajawahi kuisoma kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza asichokielewa. Na kuna rekodi za bechi zinazojazwa zote kwa pamoja mwisho wa zamu, mwandiko mmoja, kalamu moja, saa zote zikiishia na sifuri. Makaratasi ya namna hiyo hayalindi mtu, na mkaguzi anayeridhika nayo analipwa bure.

Lakini simama kwenye mstari wa kufungasha vidonge wakati bidhaa inabadilishwa. Asubuhi walikuwa wanafungasha kidonge cheupe cha duara cha kisukari. Mchana wanafungasha kidonge cheupe cha duara cha shinikizo la damu. Kabla mashine haijawashwa, mtu anapiga magoti na tochi, anamulika chini ya mkanda, ndani ya faneli, kwenye kona ambayo kidonge kimoja kinaweza kujificha. Anaondoa kila lebo ya asubuhi, anazihesabu zilizotumika na zilizobaki, hesabu lazima ikubaliane na zilizotolewa stoo. Anatia saini na kuandika saa. Kisha mtu wa pili, ambaye hakufanya usafi huo, anapiga magoti na kumulika upya, naye anatia saini. Ile karatasi ndiyo sababu ya mtu wa pili kupiga magoti. Iondoe, na baada ya mwezi mmoja hakuna atakayeinama.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo inayowezesha kuirudisha dawa. Aprili 2024 Nigeria ilitangaza kwamba maabara yake imekuta dayethilini glaikoli nyingi katika bechi ya dawa ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Kampuni ilisema vipimo vyake yenyewe havikuiona sumu hiyo. Kabla ya ubishi huo kwisha, ndani ya siku chache tu, Kenya, Tanzania, Rwanda na Zimbabwe nazo zilikuwa zimeagiza dawa hiyo iondolewe madukani. Ziliweza kwa sababu kila chupa ilikuwa na namba. Bila namba na bila kumbukumbu za ilikouzwa, mamlaka ingebaki na njia moja: kuwaambia wazazi wamwage kila dawa ya kikohozi iliyomo nyumbani.

Na ukitaka kuona thamani ya rekodi ya kweli, tazama madhara ya rekodi ya uongo. Mwaka 2013 kampuni ya Ranbaxy ya India ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola milioni 500. Miongoni mwa yaliyofichuliwa ni vipimo vya kuonyesha dawa inadumu muda gani. Sampuli zinazopaswa kupimwa kwa kuachana miezi zilipimwa siku moja au kwa kuachana siku chache, na nyingine zilikuwa zimetunzwa kwenye jokofu. Sisi wa ukanda huu tuna haki ya kukasirika kwa hilo kuliko Wamarekani. Dawa inayokusudiwa kuuzwa katika nchi zenye joto na unyevu mwingi inatakiwa kupimwa ikiwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hali ambayo mwenye duka la dawa Mtwara au Mombasa anaijua kwa jasho lake. Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopatikana jokofuni haina maana yoyote kwake.

Kuna wanaosema shida hizi ni za nchi maskini, na kwamba dawa ya Ulaya au Marekani huwezi kuitilia shaka. Nimeshataja Plymouth. Niongeze Cidra, katika Puerto Rico, eneo la Marekani, ambako GlaxoSmithKline ilikuwa na kiwanda kikubwa. Vidonge vya aina tofauti vilichanganyika kwenye chupa moja, na vidonge vya sonona vya Paxil, vya tabaka mbili, vilikuwa vikipasuka, mgonjwa akaweza kumeza kipande kisicho na dawa. Mwaka 2010 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 750. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika ambayo mamlaka yake ya dawa ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu, na maabara ya mamlaka hiyo ilikuwa imeshatambuliwa na shirika hilo tangu 2011. Uraia wa kidonge hauambii mtu chochote. Ulizia kiwanda, ulizia nani alikikagua na lini.

"Masharti haya yataua viwanda vyetu, na dawa zitapanda bei."

Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine, kwa kuwa gharama ipo na ni kubwa. Mfumo wa hewa unaozuia vumbi la dawa moja lisiingie chumba cha nyingine unakula umeme usiku na mchana. Maji ya kutengenezea dawa yanahitaji mtambo wake, mabomba yake na vipimo vya kila mara. Mashine za maabara zinaagizwa nje, na fundi wake naye mara nyingi anatoka nje. Mwenye kiwanda anayelipa haya yote kisha akashindana na mzigo wa bei ya chini ambao haukukaguliwa sawasawa ana haki ya kulalamika, na serikali inayomwambia "fuata viwango" huku ikinunua kwa kigezo cha bei peke yake inamwonea.

Ila tuangalie waliolipa gharama hiyo. Pale Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, Universal Corporation ilipata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya ukimwi ya lamivudini na zidovudini mwaka 2011. Mwaka 2023 ikapata kibali kwa SP, ikiwa ya kwanza Afrika kwa dawa hiyo. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria ukanunua kutoka kwake dawa ya ukimwi ya mstari wa kwanza, TLD, kwa ajili ya Msumbiji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mfuko huo kununua dawa ya aina hiyo iliyotengenezwa Afrika. Mlango huo haufunguliwi kwa bei nafuu pekee. Kwa kawaida Mfuko wa Dunia haugusi dawa ya ukimwi ambayo haijapata kibali cha namna hiyo, na fedha zake ndizo zinazonunua sehemu kubwa ya dawa za ukimwi na malaria katika nchi zetu. Kiwanda kinachojiokoa kwa kulegeza ubora kinabaki kugombania zabuni ndogo ndogo ambako kila mtu anashusha bei.

Msaada wa kweli kwa viwanda vyetu upo, nao si kufumba macho. Ni mikopo ya muda mrefu ya kujenga mifumo ya hewa na maji. Ni kuendeleza ukaguzi wa pamoja wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanzishwa chini ya mpango wa mwaka 2012, ili kiwanda kisikaguliwe mara tano kwa jambo moja. Ni kumpa mwenye kiwanda ratiba ya marekebisho yenye tarehe, aijue na aitimize. Ratiba hiyo inaweza kumvumilia kwenye rangi ya ukuta na ukubwa wa stoo. Kupima mapipa hakuna ratiba, kunaanza leo.

Kwamba tatizo letu ni dawa bandia tu, na polisi wakiwakamata wahalifu tutapumua, nitajibu kwa ufupi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 ya tiba katika kila 10 ni duni au bandia. Duni ni ile iliyotoka kwa mtengenezaji halali, mwenye leseni na jengo lenye bango. Hakuna mlango wa nyuma wa kuvunjwa usiku na polisi pale. Kuna mkaguzi, na kuna watu wa ndani wanaojua.

Nao wanaosema "hakuna mgonjwa aliyelalamika" wafikirie oksitosini. Huchomwa mama baada ya kujifungua ili damu isimwishe, na inatakiwa kutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiwa ilitengenezwa vibaya, au iliachwa juani kwenye gari njiani, mama huyo atavuja damu, na ndugu zake watasema siku zake zilifika. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeomba kuiona chupa. Ukimya wa namna hii hauwezi kuwa ushahidi wa ubora, na mkunga ndiye mtu pekee anayeweza kuuvunja, akiandika namba ya bechi na kuituma mamlaka.

Imebaki hoja moja, ambayo haisemwi hadharani lakini ndiyo inayoendesha viwanda vingi: kwamba mwenye mali ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu bechi kutoka au kutotoka. Cheryl Eckard alikuwa meneja wa uhakiki wa ubora wa GlaxoSmithKline. Mwaka 2002 alitumwa Cidra, akayaona yale niliyoyataja, akapendekeza usafirishaji usimamishwe. Hakusikilizwa. Mwaka 2003 aliondolewa kazini. Miaka 7 baadaye kampuni ililipia makosa aliyokuwa ameyasema, naye akapewa dola milioni 96 kama sehemu ya malipo ya kampuni kwa serikali. Mfamasia wa kiwandani wa Tanzania au Kenya anayegoma kutia saini hawezi kutegemea zawadi ya namna hiyo. Ana mshahara, ana watoto wanaosoma, na ana bosi ambaye lori lake linasubiri getini.

Kanuni za utengenezaji bora tayari zinamtaka mkuu wa ubora asiwe chini ya mkuu wa uzalishaji. Kwenye chati ya ukutani hilo hutimizwa kila mahali. Mkaguzi anayetaka kujua kama linatimizwa kweli aache chati, aombe orodha ya bechi zilizokataliwa kwa miaka mitatu iliyopita, pamoja na saini ya aliyezikataa na hati ya kuteketezwa kwake. Kisha aulize kama aliyetia saini bado yuko kazini, na kama yupo, azungumze naye bila mkurugenzi kuwapo chumbani.